Viatu vya Wachezaji wa Ngoma Mpya ya Ulaya na Marekani, na Maana ya Kucheza Peku

Twataka kueleza katika kurasa hizi habari za viatu vya wachezaji walioanzisha ngoma mpya katika Ulaya na Marekani, tangu karibu na mwaka 1900 hata siku za vita kuu ya pili. Huenda msomaji akastaajabu na kuuliza: Je, hao hawakucheza bila viatu? Yako wapi basi ya kueleza? Ni kweli, walio wengi walicheza peku, na watu wa siku zile wakawapa jina la wachezaji wa miguu mitupu. Lakini mtu akivua viatu katika nchi ambayo watu wote wamevaa, kule kuvua si jambo tupu. Ni vazi kamili, nalo lina sababu zake, kanuni zake, gharama yake na maumivu yake. Tena maana ya vazi hilo hubadilika kabisa kwa kadiri ya mguu wenyewe ni wa nani.

Kwanza tutazame maneno. Kiswahili kina neno moja, mguu, kwa kiungo chote tangu paja hata vidole. Tukitaka kutenga sehemu ya chini hatuna budi kusema wayo, au unyayo. Basi tukisema "miguu mitupu," msikilizaji hajui kama ni nyayo zilizo wazi, au ni miundi na mapaja pia. Wazungu wana maneno mawili kwa mambo hayo mawili, na hata hivyo walipogombana juu ya wachezaji hao waliyachanganya: walianza kwa kulalamikia nyayo, wakaishia kulalamikia mapaja. Kwa hiyo sisi tutasema peku, neno ambalo halina shaka. Tena tutasema ngoma, ingawa hao tunaowasimulia walichezea kinanda na fidla, kwa maana katika lugha yetu ngoma ni chombo na ni mchezo pia. Na kwa viatu vyenyewe lugha yetu si maskini. Tuna makubadhi na ndara, tuna mitalawanda ya mti, tuna sapatu tulizoachiwa na Wareno pamoja na jina lake, tuna buti za Waingereza. Hata ule ukanda mdogo upitao kati ya vidole una jina lake, gidamu.

Ili kufahamu kilichovuliwa, yafaa kujua kilichokuwa kimevaliwa. Mfalme Louis wa 14, aliyetawala Ufaransa tangu 1643 hata 1715, alikuwa mchezaji hodari yeye mwenyewe, na mwaka 1661 aliweka chuo cha kifalme cha ngoma mjini Paris. Viatu vya jumba lake vilikuwa na visigino virefu, na kisigino chekundu kilikuwa alama ya wakubwa. Picha yake iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701 yamwonyesha mzee wa miaka zaidi ya 60 ametanguliza mguu kwa madaha, ili kisigino kile chekundu kisikose kuonekana. Kiatu cha namna hiyo hutawala mwili. Kisigino kikipanda, uzito huenda mbele. Mchezaji hupiga hatua ndogo nzuri, hugeuka kwa hadhari, wala haruki juu sana, kwa maana akishuka vibaya kifundo kitateguka. Mwaka 1726 aliingia katika Opera ya Paris msichana wa Brussels, Marie Camargo, akapunguza urefu wa sketi yake hata watu wakaziona nyayo zikifanya kazi. Husimuliwa pia ya kuwa ndiye aliyeacha kisigino. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 visigino vilitoweka katika ngoma za jukwaani, vikaja viatu laini vilivyofungwa kwa tepe.

Ndipo kikatokea kiatu ambacho ngoma mpya ilikuja kupigana nacho. Tarehe 12 Machi 1832, Marie Taglioni alicheza Paris katika La Sylphide, habari za roho ya kike ya angani apendwaye na mtu wa duniani. Roho haina uzito, kwa hiyo Taglioni alisimama juu ya ncha za vidole vyake, kana kwamba anaigusa sakafu kwa adabu tu. Kiatu chake kilikuwa cha atlasi, wala hakikuwa na kitu kigumu ndani. Kilishonwa nyuzi nyingi pembeni na chini ya ncha kisipasuke, na kazi iliyobaki ilikuwa ya vidole vyenyewe. Baadaye mafundi wa Italia walikifanya kiatu hicho kigumu zaidi, na mwaka 1893 Pierina Legnani aliwashangaza watu wa St. Petersburg kwa kuzunguka mara 32 mfululizo juu ya mguu mmoja.

Watu wengi wadhani ndani ya kiatu hicho mna mti au chuma. Sivyo. Kiatu cha desturi ni matabaka ya nguo na karatasi yaliyopakwa gundi, yakaumbwa kama kikombe cha kuvika vidole, yakaachwa yakauke. Soli ni ngozi nyembamba, fupi kuliko wayo. Juu hufunikwa atlasi. Na tepe za kufungia kifundoni mchezaji hushona mwenyewe kwa mkono wake. Kabla ya kuingia jukwaani hukanyaga unga wa utomvu mkavu wa msonobari asiteleze. Na pamoja na taabu yote hiyo kiatu hakiishi: jasho na uzito huilainisha gundi, na mchezaji mkubwa aweza kumaliza jozi nzima katika usiku mmoja. Vidole navyo havisalimiki. Malengelenge, kucha zilizokufa, kifundo cha kidole gumba kilichovimba, hayo ni mambo ya kila siku kwa wenye kazi hiyo. Watazamaji hawayaoni. Waona atlasi.

Sasa twafika kwa mwanamke aliyevua. Isadora Duncan alizaliwa San Francisco mwaka 1877, katika nyumba yenye dhiki, ambamo mama aliwalisha watoto kwa kufundisha kinanda. Hakuvua viatu kwa siku moja, kama wengine wasimuliavyo. Picha zake za New York, kabla hajavuka bahari, zamwonyesha amevaa viatu laini vya kuchezea kama wenziwe. Mwaka 1899 familia yake ilikwenda London, na huko yeye na kaka yake Raymond walishinda katika nyumba kuu ya makumbusho wakiitazama mitungi ya Wayunani wa kale, jinsi wachezaji waliochorwa juu yake wanavyoinua goti, wanavyotupa kichwa nyuma, na jinsi wayo unavyokanyaga. Aliipenda pia picha ya Botticelli iitwayo Primavera, iliyochorwa Florence yapata mwaka 1480, ambamo wanawake watatu washikana mikono na kucheza peku katika majani. Kwanza alijaribu makubadhi mepesi ya kufungwa kwa kanda. Na ilipofika mwaka 1903, aliposimama Berlin kutoa hotuba yake juu ya ngoma ya wakati ujao, alikuwa mchezaji wa peku anayejulikana kwa jina hilo.

Hoja yake ilikuwa hii: ngoma ya jukwaani ya siku zile, yaani baleti, imejengwa juu ya mwili ulioharibiwa. Chini ya sketi na soksi za kubana mna misuli iliyopotoshwa, na chini ya misuli mna mifupa iliyopinda. Viumbe vyote hutembea kwa jinsi ya umbo lao, na mtu naye aanze hapo, kwa wayo wake kama ulivyoumbwa. Twaona alizidisha kidogo, kwa kuwa baleti ina uzuri ambao hata yeye aliukiri. Lakini mtu aliyewahi kuviona vidole vya mwenye kazi ile hawezi kusema alisingizia.

Jambo moja yafaa tulitie mkazo, maana wengi hulisahau. Peku ya Isadora haikukanyaga udongo. Alicheza juu ya zulia lililotandikwa, nyuma yake mapazia marefu ya buluu, katika nyumba za michezo zilizopashwa moto. Shule aliyoifungua mwaka 1904 katika Grunewald, karibu na Berlin, iliwalea watoto kwa kanzu fupi na makubadhi. Peku ilikuwa ya wakati wa kucheza. Raymond alishika njia hiyo hata zaidi yake. Alitembea katika mitaa ya Paris kwa vazi la Kiyunani na makubadhi, na katika shule yake ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1911, watu walijifunza kufuma nguo na kushona makubadhi. Watu walimcheka, na wengine walinunua.

Isadora alisema mara nyingi ya kuwa kwake ngoma ni ibada. Sisi tuliosoma habari za Musa na kile kijiti kilichowaka moto, na ambao kila siku twaona viatu vimepangwa mlangoni pa msikiti, hatushangai mtu akivua viatu kwa heshima ya mahali. Lakini Wazungu wa siku zile walikuwa wamezoea kuingia kanisani na viatu na kuvua kofia, kinyume cha watu wa mashariki. Kwao wayo wazi ulikuwa wa kitandani, wa bafuni, au wa maskini. Ndiyo sababu walipomwona mwanamke peku mbele ya watu elfu, wengine waliona ibada na wengine waliona aibu, na wote walikuwa wakiutazama wayo ule ule.

Hapana kisa kionyeshacho mambo haya waziwazi kuliko kile cha St. Petersburg. Isadora alicheza huko kwanza mnamo Desemba 1904, na miongoni mwa walioguswa alikuwa kijana Michel Fokine, mchezaji na mwalimu katika nyumba ya kifalme ya michezo. Mwaka 1907 Fokine alitunga ngoma iitwayo Eunice, kwa kufuata hadithi ya Quo Vadis, kitabu cha Henryk Sienkiewicz juu ya Wakristo wa Rumi siku za Nero. Alitaka wachezaji wake wawe kama watu wa kale, wasivae viatu vya atlasi wala soksi za waridi. Lakini sheria za nyumba ya Tsar hazikuruhusu mchezaji kuonyesha wayo wazi. Basi Fokine alifanya nini? Aliwavika soksi ndefu za kubana, kama desturi, kisha juu ya soksi zile vikachorwa vidole vya miguu, na kucha zake, na rangi ya waridi juu ya vifundo na magoti. Watazamaji wakaona nyayo wazi. Sheria ikaona soksi. Wachezaji wale, na Anna Pavlova mkubwa alikuwa mmoja wao, walivaa picha ya nyayo zao wenyewe juu ya nyayo zao wenyewe. Wengine hucheka wakisikia habari hii. Sisi twaiona kuwa ushahidi mzuri kwamba peku ilikuwa vazi, hata ikaweza kushonwa na kupakwa rangi.

Wako wengine waliovua miaka ile ile. Maud Allan, mzaliwa wa Toronto, alicheza habari za Salome mjini Vienna mwaka 1906, kisha London mwaka 1908 zaidi ya mara 250 katika Palace Theatre; wakuu wa mji wa Manchester wakamkataza. Ruth St. Denis wa New Jersey alitunga Radha mwaka 1906 kwa mfano wa mambo ya Kihindi aliyoyasoma na kuyawazia, maana India hakuifikia hata mwaka 1926; naye alicheza peku, kwa sababu sanamu za miungu wa Kihindi hazina viatu. Mwaka 1915 yeye na mumewe, Ted Shawn, walifungua Los Angeles shule ya Denishawn, ambamo wanafunzi walifundishwa hata mazoezi ya baleti bila viatu. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililofanya peku kuwa desturi ya darasani, si ajabu ya mtu mmoja.

Sasa tuje kwenye wayo wenyewe, jinsi ufanyavyo kazi. Kiatu cha atlasi huteleza; ndivyo kilivyokusudiwa, mchezaji azunguke. Ngozi ya binadamu haitelezi, hasa ikiwa na jasho kidogo. Hushika. Kwa hiyo anayecheza peku akitaka kuzunguka kama Legnani, ngozi yake itaungua kwa msuguano kabla hajafika mara 10. Kinyume chake, aweza kusimama kwa ghafula mahali popote, aweza kuvitandaza vidole na kuushika ubao, aweza kuusukuma mwili wote kutoka kisigino, na aweza kuanguka na kuinuka bila kiatu kumnasa. Basi ngoma iliyozaliwa kwa peku haikuweza kuwa baleti isiyo na viatu. Ilikuwa ngoma nyingine. Baleti ilificha uzito, hawa waliuonyesha.

Martha Graham, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1894 na kufundishwa Denishawn, alitoa onyesho lake la kwanza la kujitegemea New York tarehe 18 Aprili 1926. Alitunga mafundisho mazima juu ya kukaza na kulegeza kiwiliwili, na sehemu kubwa ya mazoezi yake hufanyika mtu akiwa ameketi au amelala sakafuni, ambapo kiatu kingekuwa kizuizi tu. Akisimama, wayo wake hukanyaga kama wa mtu alimaye. Katika Ujerumani, Mary Wigman, mzaliwa wa Hannover, alitunga Ngoma ya Mchawi mwaka 1914, akaitunga tena mwaka 1926. Katika ile ya pili avaa kinyago, aketi chini muda mwingi, na nyayo zake peku hupiga sakafu hata zikawa ni chombo cha muziki pamoja na ngoma halisi na tuwazi. Wachezaji wa pwani yetu waliofunga njuga miguuni watafahamu mara moja: wayo si wa kubeba mwili tu, wayo hupiga.

Gharama yake ni ngozi. Mchezaji wa peku anayefanya kazi kila siku hupata sugu chini ya wayo, hasa chini ya mzizi wa vidole. Sugu ikiwa nene kiasi humlinda. Ikizidi hukauka, ikapasuka kama udongo wa kiangazi, na ufa huingia mpaka kwenye nyama, aghalabu mahali kidole kinapokunjika. Hapo hucheza na maumivu, au hufunga utepe wa plasta kuzunguka kidole na wayo. Sakafu mbaya, yenye vijiti au misumari iliyotokeza, ni adui kuliko mkosoaji. Siku hizi wengine huvaa kipande cha ngozi laini chini ya mzizi wa vidole tu, kikishikwa na kanda zipitazo kati ya vidole. Kisigino chabaki wazi. Ukikitazama waona ni nusu ya kubadhi. Lugha za Wazungu zimehangaika kukipa jina, lakini mshona viatu wa Lamu akionyeshwa atakijua kwa gidamu zake.

Tusidhani lakini ya kuwa wote waliacha viatu. Kurt Jooss, Mjerumani, alitunga Meza ya Kijani, iliyoonekana kwanza Paris mwezi wa Julai 1932: mabwana wa siasa wabishana wakiizunguka meza, vita yatoka, na Mauti yaja kumchukua kila mtu kwa zamu yake, askari na mzee na mama na mwenye faida. Mauti yamevaa buti. Jooss aliona ya kwamba kama peku ni uhuru na uhai, basi kiatu kizito kitamfaa yule asiyekuwa na uhai. Mwaka uliofuata alikimbia Ujerumani pamoja na kundi lake, kwa kuwa alikataa kuwafukuza wenzake Wayahudi, na buti zilizokuwa jukwaani zikawa zimejaa njiani.

Hapa twafika kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya ngoma hii hulipita. Tumesema ya kuwa peku ya Isadora ilionekana kuwa uhuru. Lakini katika Unguja ya karne ya 19 mtumwa alijulikana kwa kutovaa viatu. Kiatu kilikuwa cha mwungwana. Bibi wa nyumba alitembea juu ya mitalawanda, na sauti yake ilisikika ukumbini, na mjakazi wake alimfuata peku, kimya. Utumwa ulipofutwa katika sheria za Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa walinunua, kadiri walivyoweza, zile nguo walizokuwa wamenyimwa: vitambaa vya kichwa, kanga, na viatu. Hesabu miaka. Kuanzia 1897 watu wa Unguja wavaa viatu kwa furaha ya uhuru; mwaka 1903 Isadora asimama Berlin, naye amevua vyake kwa furaha ya uhuru. Wote wawili walikuwa na haki. Asiyeruhusiwa kuvaa hupata uhuru kwa kuvaa, na aliyelazimishwa kuvaa hupata uhuru kwa kuvua. Wala mmoja asimwite mwenziwe mjinga.

Mambo hayo yalionekana katika ngoma zetu pia. Miaka ile ile ilienea tangu Lamu na Mombasa ngoma ya beni, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikafika bara mpaka mbali. Wachezaji wa beni walivaa mavazi ya kiaskari, na waliopata buti walivaa buti, wakapiga hatua za gwaride. Wazungu wengi waliowatazama walicheka, wakisema ni kuiga tu. Huko kwao Mzungu akivaa kanzu ya Kiyunani na makubadhi huitwa mwanzilishi.

Isadora mwenyewe, kwa huzuni yetu, hakuona mbali katika hilo. Katika maandishi yake ya mwisho, na kitabu cha maisha yake kilitolewa mwaka 1927, mwaka aliokufa, aliidharau jazi, akisema mwendo wake ni wa kishenzi na wa Kiafrika, wala haufai kuwa sauti ya Marekani. Alitaka Marekani icheze peku, lakini peku ya mitungi ya Athens. Ile peku iliyokuwa karibu naye, katika nchi yake mwenyewe, ya watu ambao babu zao walinyimwa viatu, hakutaka kuitazama. Twalisema hili bila kumwondolea sifa yake. Aliyefungua mlango si lazima awe amewajua wote watakaopita.

Nao walipita. Asadata Dafora alizaliwa Sierra Leone mwaka 1890, akasoma katika shule ya Wesleyan ya Freetown, akajifunza uimbaji Ulaya, kisha akafika New York mwaka 1929 akitaka kuwa mwimbaji. Mwaka 1934 alitoa Kykunkor, mchezo wa ngoma na nyimbo juu ya bwana arusi aliyerogwa, wachezaji wake wakiwa ni Waafrika na Wamarekani weusi, na ngoma zikipigwa jukwaani. Ulianzia katika ukumbi mdogo, ukahamia mkubwa zaidi, kwa sababu watu walijaa. Waandishi wa New York waliusifu sana. Lakini sifa nyingi zilikuwa za namna moja: kwamba ni kitu cha asili, cha kweli, kana kwamba wachezaji wale walikuwa peku kwa sababu hawajui viatu. Dafora alikuwa na viatu. Alivijua tangu shuleni Freetown. Aliviacha nyuma ya pazia kama Isadora alivyoviacha, kwa kuchagua, na ngoma yake ilikuwa imetungwa na kupimwa kama ya Graham, aliyecheza peku katika mji ule ule.

Baada yake alikuja Pearl Primus, mzaliwa wa Trinidad wa mwaka 1919, aliyelelewa New York na kusomea elimu ya viumbe kabla ya kuingia katika ngoma. Mwaka 1943 alionyesha ngoma zake za kwanza, peku, na kuruka kwake kulikuwa kwa juu hata wapiga picha wakashindana kumnasa angani. Mwaka 1948 alipewa fedha za kusafiri akaenda Afrika kujifunza, akakaa huko hata 1949, akarudi na Fanga, ngoma ya Liberia ya kukaribisha wageni. Ndani yake mchezaji huinama kidogo, hunyosha mikono kama atoaye, na wayo mzima hushuka chini kwa pamoja, kisigino na vidole, hatua kwa hatua. Wamarekani wengi, weusi na weupe, wamejifunza ngoma hiyo tangu hapo, na hujifunza wakiwa wamevua viatu.